Mkwe asema mafuta ni sumu, jirani anamimina tu: mtoto wangu ale nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, kifungua mimba, ana miezi saba na nusu. Naishi Tanga na mume wangu na mama mkwe. Nafundisha shule ya msingi na likizo ya uzazi imeshakwisha, kwa hiyo alfajiri namnyonyesha, naondoka, narudi saa tisa na nusu. Mchana mtoto anashinda na bibi yake, na kwa hilo namshukuru sana, maana wenzangu wanahangaika na wasichana wa kazi.

Shida yetu ni chakula, hasa mafuta. Kliniki waliniambia alipofika miezi sita nimwanzishie uji na mboga za kupondwa, na nitie mafuta kidogo. Mama mkwe hataki kuyasikia. Yeye ana presha, daktari alimkataza mafuta na nazi, na sasa anasema nyumba nzima tuache, ‘mafuta yanaganda kwenye moyo wa mtoto’. Nikiweka mafuta kwenye mboga asubuhi, nikirudi naikuta ilivyo, mtoto kapewa uji mtupu. Uji wenyewe ni wa unga wa lishe wenye vitu kumi na kimoja, nilinunua sokoni. Bibi anaupika mwepesi upite kwenye chupa, na chuchu ameitoboa zaidi kwa sindano.

Jirani yangu naye ana mtoto wa umri huohuo, mnene, mashavu hayo! Anasema siri ni vijiko viwili vikubwa vya mafuta kila siku. Nilijaribu siku za wikiendi, mwanangu akaharisha, kinyesi laini kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Nikaacha.

Kuna jingine. Viganja vyake, nyayo na ncha ya pua vimekuwa vya njano. Mume wangu alikwenda kikazi Kigoma akarudi na dumu la mawese, na boga tunalo shambani, basi jioni ndiyo mboga yake, boga na mawese. Bibi anasema ni manjano na kwamba ndiyo matokeo ya mafuta. Nimeogopa.

Mwezi uliopita alikuwa kilo 7.1, mwezi huu kilo 7.1. Kwenye kadi bado yuko kwenye kijani lakini mstari umelala. Anacheka, anatambaa kwa tumbo, hana homa. Ila nikirudi jioni ziwa analichezea tu.

Matone ya vitamini A alipata alipotimiza miezi sita, je, hayo hayatoshi? Na wifi yangu aliyeko Uingereza anasema mwanawe anapewa vitamini D ya matone kila siku tangu azaliwe, ananishangaa mimi simpi. Ninunue?

Mama wa Kifungua Mimba, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza mengi na nitayajibu, lakini naanza na lile ambalo hukuliuliza, umelitaja kwa kupita tu: uji wa kwenye chupa. Kwa maoni yangu mstari wa kadi umelazwa na chupa hiyo kuliko na ugomvi wa mafuta.

Tupige hesabu. Tumbo la mtoto wa umri huo hubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwanao kwa mkupuo mmoja anamaliza kama mililita 210, kikombe kisichojaa. Uji unaopita kwenye chuchu, hata iliyotobolewa, hauwezi kuwa na zaidi ya vijiko viwili vya chakula vya unga kwa ujazo huo, na hapo anapata kalori kama 70. Tumbo hilohilo lingejaa maziwa yako angepata kama 140. Umeona? Anashibishwa kwa kitu chenye nusu ya nguvu ya ziwa lake. Ndiyo maana bibi anaona mtoto kashiba, kalala, nyumba imetulia, na wewe ukirudi saa tisa na nusu ziwa linachezewa.

Uji wa mtoto wa miezi saba huliwa kwa kijiko, kutoka kwenye bakuli. Kipimo chake ni rahisi: ukiinamisha kijiko, ubaki kwanza, kisha udondoke kwa mabonge. Ukitiririka, rudisha jikoni. Bibi atasema mzito unamkaba. Kwa hilo wazee wa zamani walikuwa na kimea. Ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Uji mzito ukishaiva, uache upoe kidogo, tia nusu kijiko cha chai cha unga huo, koroga. Utalainika mbele ya macho yako bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena, kwa usalama, kisha mpe. Na mafuta kidogo nayo huulainisha, ushike hilo kwa ajili ya mazungumzo na mkweo.

Sasa mafuta yenyewe. Mkweo hakudanganywa na daktari wake. Mtu mzima mwenye presha kuambiwa apunguze mafuta ni ushauri wa kawaida, nao ni wake yeye. Mjukuu hajafika huko. Tangu siku aliyozaliwa, karibu nusu ya nguvu anayoipata kwenye maziwa yako inatokana na mafuta. Huyo mtoto amekula mafuta miezi sita mfululizo na ndiyo yaliyomnenepesha mapaja. Ubongo wake unakua kwa kasi ambayo hautairudia tena, na unajengwa kwa mafuta kwa sehemu kubwa. Kati ya miezi sita na miaka miwili wataalamu hukadiria kwamba asilimia 30 hadi 45 ya nguvu yote ya chakula cha mtoto itoke kwenye mafuta, na maziwa yako bado yanatoa sehemu nzuri ya hayo. Mtoto akihamishwa kutoka ziwani kwenda kwenye uji wa maji na boga la kuchemsha tupu, anashushwa ghafla kwenye chakula ambacho hata sisi watu wazima wa kufunga mkanda tusingekivumilia.

Kuna sababu ya pili, na hii watu wengi hawaambiwi. Vitamini A, D, E na K haziyeyuki kwenye maji. Zikifika tumboni zinahitaji mafuta ili nyongo ichuruzike, izivunje kuwa chembe ndogo mno na kuzipitisha kwenye ukuta wa utumbo. Mchicha, matembele, kisamvu, karoti, boga, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, vyote vina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini hiyo imefungiwa ndani ya nyuzi za mboga. Kupika kunaifungua, kuponda kunaifungua zaidi, na mafuta ndiyo yanayoipitisha. Mboga ya kuchemshwa kwa maji matupu, mtoto anaila, sehemu kubwa ya karotini inaishia kwenye nepi. Kwa hiyo bakuli ambalo mkweo analiacha pembeni lilikuwa ndiyo dawa ya siku.

Jirani yako naye nampa sehemu yake. Mtoto anayenyonya vizuri, wa miezi sita hadi minane, anahitaji kama kalori 200 tu kwa siku kutoka kwenye vyakula vingine. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Viwili ni 240. Maana yake jirani amemaliza nafasi yote ya chakula cha siku kwa mafuta, kabla hajaweka yai, dagaa wala mboga. Mafuta hayana madini ya chuma, hayana zinki, hayana protini. Na chuma ndicho kinachotusumbua zaidi umri huu, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo inaelekea kuisha mnamo mwezi wa sita na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Mashavu ya mtoto wa jirani hayakuonyeshi damu yake ikoje. Na ule mng'ao ulioukuta kwenye nepi ni mafuta yaliyopita bila kutumika. Tumbo lake lilikuambia wazi.

Kipimo changu: kijiko kimoja cha chai, kile kidogo, kwenye bakuli la mboga au uji, mara moja au mbili kwa siku. Hicho ni kama kalori 40. Siku ambayo bakuli lina yai, samaki, karanga za kusagwa au tui, hayo yana mafuta yake, usiongeze.

Mafuta gani? Upo Tanga, nianze na nazi. Tui zito la kwanza lina nguvu nyingi na linapitisha vitamini za mboga vizuri sana, ila lenyewe halina vitamini A. Mchicha wa nazi ni chakula kizuri cha mtoto. Uji wa tui bila mboga si hivyo. Alizeti ya Singida ina vitamini E nyingi. Mafuta ya kiwandani yenye alama ya kuongezwa virutubishi yana vitamini A, lakini vitamini hiyo inaharibiwa na mwanga, na hapa nina neno na wenye maduka: yale mafuta ya kupima yanayokaa kwenye chupa nyeupe juani mlangoni, siku nzima, wiki nzima, sitegemei kitu humo zaidi ya kalori. Nunua yaliyokaa kivulini, na nyumbani yafungie kabatini. Mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi au samaki mara tatu usimpe mtoto kabisa.

Mawese ya mumeo ni zawadi nzuri kuliko anavyojua. Wekundu ule ndiyo karotini yenyewe. Wapo wanaoyaunguza sufuriani mpaka yatoe moshi na kuwa meupe ili harufu iishe. Wakimaliza, wameondoa harufu pamoja na vitamini. Yatie mwishoni, mboga ikishaiva, moto mdogo, koroga, epua.

Tukifika hapo, njano ya viganja. Mpeleke mlangoni penye mwanga wa mchana, vuta kope la chini taratibu, tazama weupe wa jicho. Kama ni mweupe, mkojo si wa rangi ya chai, na mtoto ni mchangamfu kama ulivyoandika, hiyo ni karotini iliyozidi ngozini. Boga kila jioni, tena kwa mawese, ndiyo iliyoileta, na kwa kweli ni ushahidi kwamba mafuta yanafanya kazi yake. Haidhuru. Mwili hugeuza karotini kwa kadiri ya mahitaji, iliyobaki inakaa chini ya ngozi, hasa viganjani, nyayoni na puani. Badilisha mboga: leo boga, kesho mchicha, keshokutwa maharage ya kupondwa na kuchujwa. Rangi itafifia yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ila weupe wa jicho nao ukiwa wa njano, au kinyesi kikipauka kama chokaa, usisubiri kesho, nenda hospitali. Manjano ya kweli huanzia machoni.

Yale matone: kidonge cha buluu alichokamuliwa mdomoni kina yuniti 100,000 za vitamini A, nayo inahifadhiwa kwenye ini itumike kidogokidogo kwa miezi. Kinachofuata, akishatimiza mwaka, ni chekundu, yuniti 200,000, kisha kila baada ya miezi sita mpaka afikishe miaka mitano. Hapa Tanzania kampeni huwa Juni na Desemba. Hakikisha kinaandikwa kwenye kadi ili asirudiwe kwa bahati mbaya. Matone hayo yanamkinga, hayamlishi. Akiba inapungua akiugua surua au kuharisha, na chakula ndicho kinachoirudisha. Lakini usiende duka la dawa kununua vitamini A nyingine, wala yale mafuta ya ini la samaki ya chupa kwa kukisia. Kwa kuwa inatunzwa mwilini, ikizidi inakuwa sumu. Ndiyo sababu hata maini, chakula kizuri mno, nasema kipande kidogo cha maini ya kuku, kilichoiva na kupondwa, mara moja kwa wiki basi.

Wifi yako yuko sahihi kwa huko aliko. Uingereza jua la miezi ya baridi halitoshi kabisa ngozi kutengeneza vitamini D, na mamlaka zao za afya zinashauri watoto wanaonyonya wapewe mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa. Maziwa ya mama, hata ya mama mwenye afya, yana vitamini D kidogo. Tofauti yetu na wao ni jua. Lakini jua halimsaidii mtoto aliyefunikwa shuka mbili na kofia ya sufu Tanga hii ya joto, akashinda sebuleni. Bibi amtoe nje saa mbili au saa tatu asubuhi, mikono na miguu wazi, dakika chache, asimwache aungue. Jua la saa kumi na mbili na nusu, ambalo ndilo tunalolipenda, bado changa kwa kazi hii. Kama mtoto alizaliwa njiti, au anaishi ndani muda wote, muulize mganga wa kliniki kuhusu matone. Usinunue kwa kuambiwa na wifi.

Vitamini K na E sitazirefusha. Sindano ya K hutolewa mtoto anapozaliwa, kuzuia kutoka damu; baada ya hapo mboga za majani zilizotiwa mafuta zinambeba.

Unga wako wa vitu kumi na kimoja sasa. Najua unauzwa kwa sifa, lakini wingi wa majina kwenye mfuko si lishe. Soya ndani yake kama haikuchemshwa au kukaangwa kabla ya kusagwa inazuia tumbo kuvunja protini. Karanga, je, zilichambuliwa? Karanga na mahindi yaliyopata unyevu yanaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Muuzaji hakuonyeshi alichosaga. Saga mwenyewe unga wa nafaka moja, mahindi au ulezi, na hivyo vingine vitie kwenye bakuli kwa zamu: leo dagaa waliokaangwa wakavu na kutwangwa na vichwa vyao, wakachekechwa, kesho yai lililoiva sawasawa, siku nyingine karanga ulizochambua mwenyewe moja moja, ukazikaanga na kuzisaga laini kabisa. Karanga nzima usimpe, zinapalia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa umri huu apate yai, samaki au nyama kila siku, pamoja na mboga na matunda. Najua mshahara wa mwalimu. Dagaa kijiko kimoja cha unga wake kinatosha bakuli, na fungu moja linakwenda siku nyingi.

Kabla ya kuondoka asubuhi kama unaweza kukamua maziwa, kamua. Bibi ampe kwa kikombe mtoto akiamka saa nne, kisha bakuli mchana. Ukirudi, ziwa kwanza, chakula baadaye. Usiku anyonye atakavyo. Kwa sasa milo miwili hadi mitatu kwa siku, kuanzia vijiko vitatu vya chakula ukipanda taratibu mpaka nusu kikombe.

Namna ya kusema na mkweo. Usimsomee jibu hili, atajisikia kashtakiwa. Siku ya kliniki mwende wote wawili, na umwombe nesi aeleze mbele yake, yeye akiwa ndiye mwenye kumshika mtoto. Halafu umpe kazi anayoijua kuliko wewe. Mama wa Tanga hafundishwi kupika mchicha wa nazi. Mwambie, ‘Mama, naomba umpikie mjukuu mchicha wa tui, uuponde wewe, mimi wangu hautoki laini.’ Aliyeupika mwenyewe hatauacha pembeni. Yeye ale wa kwake bila tui, asivunje masharti ya daktari. Chupa iache ipotee polepole. Ukiinyang'anya mtagombana, lakini ipotee kweli, maana zile chuchu zilizotobolewa ni ngumu kusafishika, uji unagandia ndani, na hapo kuharisha kunaweza kuja hata bila mafuta ya jirani.

Mwezi mmoja wa uzito kusimama, mtoto akiwa mchangamfu, sikuhangaishi. Mpime tena mwezi ujao. Mstari ukilala mara ya pili, au ukianza kushuka, au akakataa ziwa, akapata homa au kuharisha siku zaidi ya mbili, mwone afisa lishe wa wilaya au kituo cha afya kilicho karibu, usingoje jibu la gazetini.

Na bibi huyo amvishe mtoto kitambaa kabla ya kumlisha mboga ya mawese. Doa lake halitoki kwa sabuni yoyote, na akichafua khanga mpya ya bibi, tutarudi tulikoanza.

Shangazi